Namna ya kushusha bei ya gari kwenye yadi za Dar es Salaam: mwongozo kamili

Muuzaji wa yadi anakuzidi kwa jambo moja tu: anajua gari lile limemgharimu shilingi ngapi mpaka kufika pale lilipoegeshwa, na wewe hujui. Soda anayokuagizia, ule wimbo wa "imebaki hii hii moja", simu anayojifanya kupokea kutoka kwa mteja wa Mwanza, vyote hivyo vinafanya kazi kwa sababu huna namba kichwani. Ukiwa nayo, hata ya kukadiria, utamwona anavyobadilika. Anaacha kukupamba na kuanza kuongea biashara.

Namba hiyo kwa bahati nzuri si siri. Magari mengi ya yadi zetu yametoka Japani, bei zake za kule zinaonekana kwenye tovuti za wauzaji wa nje, na kodi yake inaonekana kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA). Yaani karibu kila kitu anachokijua mwenye yadi, unaweza kukijua ukiwa umekaa sebuleni kwako na simu.

Nitaongelea zaidi gari lililotumika Japani ambalo halijapata namba hapa nchini, kwa kuwa ndilo watu wengi huliita gari jipya. Lile la kiwandani la kilomita sifuri nitaligusa kidogo baadaye.

Lijue gari kwa modeli yake

Usiende yadi ukisema unataka Toyota "IST". IST ni familia. Kuna NCP60 yenye injini ya 1300cc, kuna NCP61 ya 1500cc, kuna NCP65 ya 1500cc inayovuta matairi yote manne, halafu kuna umbo la pili lililoanza mwaka 2007, NCP110. Bei zake haziwezi kufanana. Vivyo hivyo Harrier, ile tuliyoibatiza tako la nyani: ACU30 ni ya 2400cc na MCU30 ni V6, yaani ya silinda sita, ya 3000cc. Kwa macho ni ndugu, kwenye kituo cha mafuta si ndugu.

Modeli hiyo imeandikwa kwenye kibao cha chuma ndani ya boneti, pamoja na namba ya chasisi, rangi na aina ya injini. Chagua modeli moja au mbili, mwaka wa kutengenezwa, na ukubwa wa injini. Mwaka na cc ndivyo vinavyoamua kodi, na kodi ndiyo mzigo mkubwa kwenye bei ya gari hapa kwetu.

Piga hesabu ya mwenye yadi

Hapa usiwe mvivu, maana hatua zote zinazofuata zinategemea hapa.

Tafuta gari la modeli, mwaka na kilomita zinazolingana kwenye tovuti za wauzaji wa Japani. Angalia bei ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Chukua magari matano au sita, toa lile la bei ya chini kuliko yote na lile la juu kuliko yote, kisha kadiria katikati. Baada ya hapo fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, ingiza aina, modeli, mwaka na cc. Kumbuka kwamba TRA hukadiria kodi kwa thamani waliyoiweka wao kwenye mfumo, si kwa risiti yako ya manunuzi, kwa hiyo usishangae ukikuta thamani yao iko juu ya bei ya Japani.

Ili uelewe kikokotoo kinafanya nini, chukua mfano huu wa NCP61 ya mwaka 2005. Namba za bei ni za mfano tu. Tuseme CIF ni dola 3,000 na dola moja ni shilingi 2,600, basi gari limefika bandarini kwa shilingi 7,800,000, na tuseme TRA nao wanalithamini hivyo hivyo.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25: shilingi 1,950,000. Jumla inakuwa 9,750,000. Juu yake unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. Hadi 1000cc ni sifuri, kutoka hapo hadi 2000cc ni asilimia 5, na zaidi ya 2000cc ni asilimia 10. NCP61 inaangukia kwenye asilimia 5: shilingi 487,500. Kisha ule ushuru wa uchakavu. Gari lenye miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lililopita miaka 10 asilimia 30. Letu limepita: shilingi 2,925,000. Mwisho kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo, ambayo ni 13,162,500: shilingi 2,369,250.

Jumlisha kodi hizo nne upate shilingi 7,731,750. Kodi karibu imelingana na gari lenyewe. Ndiyo maana mtu anayeona IST ya dola 3,000 mtandaoni halafu anaikuta yadi kwa milioni ishirini anadhani anaibiwa, kumbe sehemu kubwa ya pengo hilo imekwenda serikalini.

Bado kuna tozo ndogo za reli na za forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, usajili na namba. Kwenye mfano wetu tuziwekee milioni 1.3. Gari limesimama yadi kwa takriban shilingi 16,830,000. Viwango hivi huguswa mara kwa mara kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo kikokotoo cha siku hiyo ndicho cha kuaminika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, ikiwemo yangu.

Makadirio yako yatakuwa juu kidogo ya gharama halisi ya yadi, kwa sababu wenye yadi wazoefu hununua moja kwa moja mnadani Japani na kwa wingi, wakati wewe umetumia bei ya rejareja ya tovuti. Hilo lisikusumbue. Ukikadiria juu, bado utakuwa unaongea lugha anayoielewa. Ukikadiria chini sana atajua hujui.

Andika namba tatu mahali ambapo hataziona. Ya kuanzia, ya kulenga, na ya kuondokea. Kwa gari letu ningeandika milioni 17.2, milioni 18 na milioni 18.6. Mwenye yadi lazima ale, ana kodi ya eneo, walinzi, na pesa yake imelala pale miezi kadhaa. Faida ya milioni moja na kitu kwenye gari la bei hii ni ya haki. Milioni nne si ya haki, na kwenye yadi nyingi ndipo bei ya kwanza huanzia.

Zunguka bila pesa, na bila dalali

Yadi zimejipanga barabara ya Bagamoyo, Mwenge, Kinondoni, Magomeni na kwingineko. Siku ya kwanza nenda kama mtu anayetazama tu. Piga picha za vibao vya modeli, uliza bei, usijibu chochote. Ukiuliza kwenye yadi nyingi kidogo utaona bei za modeli moja zinatofautiana kwa milioni mbili au tatu, na utajua nani ana haraka.

Namna ya kumtambua mwenye haraka: gari lina vumbi la muda mrefu, betri imekufa mpaka waunganishe na gari jingine, matairi yameanza kulegea kwa kusimama, na tangazo lake limejirudia mtandaoni kwa miezi huku bei ikishuka laki mbili mbili. Gari la hivyo linamuuma mwenyewe.

Sasa dalali. Dalali wa magari Dar ni mtu mwenye msaada akikutafutia gari adimu, lakini kwa gari la kawaida lililojaa kila yadi hana anachokuongezea isipokuwa cha juu. Mchezo wenyewe ni rahisi: anawaambia yadi "nina mteja, mimi niwekeeni laki tano", na bei unayotajiwa tayari imeibeba. Hata bila makubaliano hayo, akikufuata tu mpaka getini anahesabika ndiye aliyekuleta. Kwa hiyo ingia peke yako, na akitokea mtu nje akasema "njoo nikuonyeshe ndani kwetu", mwambie kwa adabu umeshapewa miadi na mwenye yadi. Ndani, uliza swali la kwanza hili: "Mwenye gari ni nani hapa?" Magari mengine yaliyomo yadi si ya yadi, yameegeshwa na watu binafsi ili yauzwe kwa kamisheni. Unayeongea naye anaweza kuwa hana ruhusa ya kushusha hata laki moja.

Kuhusu majira. Desemba bei huwa ngumu. Watu wa Moshi, Bukoba na kwingineko wanataka kupanda nyumbani na gari, na yadi wanalijua hilo. Januari ada za shule zinakausha mifuko na yadi zinapwaya. Lakini Januari ina mtego wake. Mwaka ukigeuka, gari lililokuwa na miaka 10 linahesabiwa 11, na ushuru wa uchakavu unaruka kutoka asilimia 15 hadi 30. Muuzaji atakwambia bei imepanda kwa sababu ya kodi mpya, na kwa magari yatakayoshuka baadaye ni kweli. Uliza la kwake lilitoka bandarini lini. Kama lililipiwa Novemba, limelipiwa kwa kodi ya zamani.

(Wenzetu wa Kenya hawana hesabu hii kwa sababu sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. IST ya 2005 kwao haiwezi kushuka Mombasa leo hata ukiilipia mara tatu.)

Ukaguzi: kila kasoro iwe na bei

Watu hukagua gari ili waamue kununua au kuacha. Fanya hivyo, lakini pia kagua ili upate hoja za bei. "Hili gari limechoka" haishushi kitu. "Matairi mawili ni ya mwaka 2017, nitabadilisha wiki hii" inashusha, kwa kuwa ina gharama inayojulikana.

Nenda na fundi wako, mlipe wewe mwenyewe kiasi mlichokubaliana hata kama hutanunua. Fundi anayelipwa pale tu gari linaponunuliwa ana sababu ya kulipenda. Na fundi aliyependekezwa na yadi, mshukuru, mwache apumzike.

Omba karatasi ya mnada kabla ya kugusa boneti. Magari ya Japani yanayopita minadani hukaguliwa na kupewa alama. Alama 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo na mabonde ya kawaida, na R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Ndani ya karatasi kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba ya pembeni inaonyesha ukubwa wake. Wakisema imepotea, karatasi za minada hupatikana pia mtandaoni kwa ada ndogo ukiwa na namba ya chasisi. Gari la R si lazima liwe baya. Tatizo ni kuuziwa R kwa bei ya 4.5.

Kisha omba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Kule magari binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Linganisha na dashibodi. IST ya 2005 yenye kilomita 48,000 inahitaji maelezo mazuri, hasa kama pedali ya breki imelika na usukani unang'aa kwa kushikwa. Mita ya kilomita ikirudishwa nyuma mahali popote pale safarini, cheti kinabaki kuwa shahidi.

Gari liwashwe likiwa baridi. Ukifika ukalikuta limeshachemka, rudi kesho asubuhi bila kuwaambia saa. Sikiliza injini sekunde za mwanzo, angalia moshi, weka gia D na R ukiwa umekanyaga breki uone kama linagonga. Washa kiyoyozi dakika kumi, si mbili. Fundi aweke mashine ya kupima makosa ya injini, na aangalie kama taa ya injini na ya eabegi zinawaka unapofungua swichi kabla ya kuwasha. Taa ambayo haiwaki kabisa huenda imefichwa. Shokapu, bushi, mafuta ya giaboksi, haya fundi anayajua.

Mambo mawili unayoweza kuyaona bila fundi. Pembeni mwa tairi kuna namba nne za mwisho, kwa mfano 3217, maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2017. Na chini ya mkanda wa kiti mara nyingi kuna kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa. Kikiwa cha baada ya mwaka wa gari, mkanda umebadilishwa, na mikanda haibadilishwi bila sababu.

Andika kasoro zote na mwombe fundi akupe bei za Kariakoo au Ilala. Jumlisha. Tuseme umepata laki sita. Hiyo laki sita inaondoka kwenye namba zako zote tatu kama kasoro ni za ziada ya uchakavu wa kawaida. Kama ni za kawaida kwa umri ule, tumia nusu yake, kwa kuwa bei za tovuti za Japani tayari zinauza gari la umri ule.

Mazungumzo yenyewe

Kosa la kwanza la wanunuzi wetu ni kuuliza "bei ya mwisho ngapi?" dakika ya pili. Muuzaji hawezi kukupa bei ya mwisho mapema, atakupa bei ya pili na kuiita ya mwisho, halafu aibu itamzuia kushuka tena. Umemfungia mlango wewe mwenyewe. Muulize bei, nyamaza, endelea na ukaguzi.

Ya pili: usilipende gari kwa sauti. Na yule uliyekwenda naye asilipende kwa sauti zaidi. Kama unakwenda na mwenzi wako, kubalianeni nyumbani kwamba mmoja anaongea na mwingine ana shaka. Akina dada wanaonunua wenyewe watakutana na muuzaji anayemgeukia fundi au kaka aliyewasindikiza na kumtajia yeye bei. Yule kaka ajibu sentensi moja tu, "mnunuzi ni huyu dada", kisha aende kuangalia matairi.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, tukitumia zile namba tatu za awali kabla ya kukata kasoro:

"Bosi wangu, hii nakuachia ishirini na nusu kwa vile umekuja mwenyewe."

"Kaka, gari siyo baya. Ila nimepiga hesabu, mzigo kama huu ukishuka na kodi yake na usajili haufiki kumi na saba. Na matairi mawili ni ya 2017. Nina kumi na saba na laki mbili, pesa ipo benki, tunamaliza leo."

"Ah! Kumi na saba hata mtaji haurudi, bosi."

"Inawezekana nimekosea. Nionyeshe ulivyolipia ushuru, nikikuta imezidi naongeza."

Hapo nyamaza. Karatasi ya ushuru kwa kawaida hatakuonyesha, na si lazima aionyeshe. Lakini ameshajua unajua, na kitakachotoka mdomoni mwake baada ya ukimya huo huwa namba mpya.

Akishuka hadi 19.8, panda hadi 17.6. Akifika 19.2, panda hadi 17.85. Angalia hatua zako: laki nne, kisha laki mbili na nusu, na inayofuata iwe laki moja. Hatua zinazopungua zinamwambia uko karibu na ukuta bila wewe kusema. Mtu anayepanda nusu milioni kila mara anamfundisha muuzaji asubiri.

Msogeleane kwa pesa, na mkikwama hamieni kwenye vitu. Mwenye yadi anayekataa kutoa laki nne taslimu anaweza kukubali kuweka matairi mawili mapya, kubadilisha mafuta ya injini na giaboksi, kulipia bima kubwa ya mwaka wa kwanza, na kukupa ufunguo wa pili. Bei ya bima ulizia mwenyewe kabla, usikubali namba anayoitaja yeye. Kapeti, vioo vyeusi na kisafisha hewa chenye umbo la mti havihesabiki, msivijadili.

Atakutajia bei kwa dola? Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Mrudishe kwenye shilingi. Dola isiwe hoja yake ikipanda na kusahaulika ikishuka.

Ukifika namba yako ya kuondokea na bado hajakubali, ondoka kweli. Acha namba ya simu, sema umebaki pale pale mpaka Jumamosi kwa sababu kuna nyingine unaitazama Tegeta. Usitoke ukitembea polepole ukisubiri kuitwa, wanaujua huo mwendo. Simu ikija, na kwa gari lenye vumbi huja, usipande tena hata elfu hamsini. Isipokuja, ujue hesabu yako ilikuwa chini kwa gari lile, nenda kwa linalofuata.

Kubadilishana na mkopo

Ukiwa na gari la zamani unalotaka kuliacha na kuongezea pesa, maliza kwanza bei ya gari lao kama vile huna gari. Ndipo ulete la kwako. Ukiyaweka mezani yote mawili kwa pamoja, watakupa bei tamu ya gari lako na kuirudisha yote upande wa pili, na utatoka ukiwa na furaha usiyojua imekugharimu kiasi gani. Kabla ya siku hiyo liulizie la kwako kwa wanunuzi wawili watatu wa mtaani ili ujue sakafu yake.

Mkopo wa yadi nao una mtindo wake: hakuna anayekutajia riba, unatajiwa kianzio na rejesho. Tuseme gari ni milioni 18 taslimu, au kianzio milioni 9 na rejesho la shilingi 1,050,000 kwa miezi 12. Zidisha: milioni 9 na milioni 12.6 ni 21.6. Umelipia deni la milioni 9 kwa milioni 3.6 zaidi. Na kwa kuwa unapunguza deni kila mwezi, gharama yake halisi ni karibu asilimia 5.6 kwa mwezi. Peleka namba hizo benki au kwenye SACCOS ya kazini uone wanasemaje juu ya milioni 9 hizo hizo. Muuzaji akiuliza "kwa mwezi unaweza ngapi?", hilo si swali la kumsaidia yeye kukusaidia wewe. Mjibu kwamba mnaongelea bei ya gari, na namna ya kulipa mtaifikia.

Kama utachukua mkopo wake hata hivyo, usome kipengele cha kuchelewa. Kadi ya gari inabaki kwao mpaka umalize, na mikataba mingine inaruhusu gari kuchukuliwa rejesho moja likichelewa.

Gari la kiwandani

Kwenye shorumu ya wakala rasmi wa kampuni, bei iko kwenye karatasi na muuzaji ana nafasi ndogo. Huko usipoteze muda na punguzo la kelele. Omba gari la mwaka uliopita lililobaki ghalani, au lile la maonyesho lililoendeshwa na wateja wa majaribio. Omba huduma za gereji za bure mpaka kilomita fulani, na muda wa dhamana uandikwe. Kama ununuzi ni wa kampuni au taasisi na magari ni zaidi ya moja, omba kuongea na meneja wa mauzo, kwa sababu huyo wa mbele hana mamlaka ya punguzo la wingi.

Kulipa na karatasi

Mkikubaliana, bei isikae mdomoni. Iandikwe siku hiyo hiyo, na iandikwe inajumuisha nini: usajili, namba, bima, matairi mliyokubaliana, ufunguo wa pili. Gari likiuzwa "bila usajili" na wewe ukadhani limo, umepoteza laki kadhaa baada ya kushinda mazungumzo yote.

Wataomba kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kukuwekea gari. Toa kidogo, na kwenye risiti iandikwe kinarudishwa kama karatasi hazitalingana na gari au lisiposajiliwa ndani ya siku mlizotaja. Bila sentensi hiyo, pesa yako ndiyo kamba waliyokufungia, na muuzaji anaweza hata kuanza kutaja gharama mpya.

Mkataba wa mauziano ufanyike mbele ya wakili, uwe na majina kamili, namba ya chasisi, namba ya injini na bei ya kweli. Lipa kwa benki kwenda akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Akaunti ya "mdogo wangu" ikataliwe. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, na uihakiki kwa simu pale pale. Wengine watakwambia bila risiti wanashusha zaidi. Kataa, kwa sababu gari likileta ugomvi hutakuwa na ushahidi wa ulicholipa.

Kama gari tayari lina namba, la mkononi, ongeza ukaguzi wa madeni: faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, ushuru wa maegesho wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na jina lililoko kwenye kadi kama ndiye anayeuza. Madeni hayo yakatwe kwenye bei au yalipwe mbele yako, na gharama za kuhamisha umiliki TRA mkubaliane nani anabeba kabla ya pesa kutoka.

Kwa gari lisilo na namba utahitaji TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, ili lisajiliwe kwa jina lako. Usilipe bei yote kabla kadi haijatoka. Bakiza milioni moja, au chochote watakachokubali, mpaka uishike kadi mkononi. Yadi isiyodai salio lolote haina haraka ya kufuatilia usajili. Ikitoka isome hapo hapo herufi kwa herufi, jina, chasisi, injini, mwaka, rangi na cc, ukilinganisha na kile kibao cha kwenye boneti. Herufi moja ikikosewa, marekebisho ni kazi ya wakala wao, na milioni yako ibaki mfukoni mpaka ayamalize.